Pumzi ya mgonjwa ni dhamana ya nyumba nzima

Na Tabibu Wetu, Singida



Ndugu msomaji, sifa zote njema anastahiki Allah (s.w.), aliyetujaalia pumzi tunayoivuta usiku na mchana bila kuilipia wala kuikumbuka. Thamani yake anaijua yule aliyewahi kukaa kitako usiku kucha, mikono kaiegemeza magotini, akitafuta pumzi moja tu ya kushiba.

Juma hili safu yetu inawahusu wagonjwa wa kifua wa muda mrefu. Hao ni wenye pumu, na wale ambao mapafu yao yamechakaa kwa moshi wa kuni, tumbaku, vumbi au makovu ya kifua kikuu cha zamani. Lengo letu si kueleza maradhi yenyewe kwa urefu. Tunataka kuzungumzia jambo linalowashinda wengi wao, nalo ni kudumu na dawa ya kuvuta, maarufu kama inhela, hata katika zile siku ambazo kifua kimetulia.

Hali yetu hapa Singida

Mkazi wa mkoa huu, awe Manyoni, Ikungi, Iramba au Mkalama, anaijua miezi ya kuanzia Juni. Baridi inaingia, upepo unavuma, na ndio wakati wa kupura na kupepeta mtama, uwele na alizeti. Mchana vumbi limejaa uwanjani, na usiku madirisha yanafungwa na jiko la mkaa linaingizwa ndani ili watoto wapate joto. Zile nyumba zetu za tembe zinatunza joto vizuri, lakini moshi ukishaingia hauna pa kutokea. Wapo pia vijana wetu wanaochimba dhahabu sehemu kama Londoni na Sambaru, wanaovuta vumbi la mawe kila siku.

Si ajabu basi kwamba miezi hiyo zahanati hupokea watu wengi wanaobanwa kifua. Wengi wao si wagonjwa wapya. Wana cheti cha mwaka jana, na ukiwauliza dawa iko wapi wanajibu, "Niliacha, maana nilikuwa nimepona."

Tatizo hili si la kwetu peke yetu. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2019 watu milioni 262 duniani walikuwa na pumu, na 455,000 walifariki kwa ugonjwa huo. Ule ugonjwa sugu wa kuziba kwa njia za hewa, unaowapata zaidi watu wazima waliovuta moshi miaka mingi, uliua watu milioni 3.5 mwaka 2021. Hapa Tanzania, utafiti uliofanyika vijijini katika wilaya ya Hai, mkoani Kilimanjaro, na kuchapishwa mwaka 2018, ulionyesha kuwa katika kila watu wazima 100 waliopimwa mapafu, zaidi ya 17 walikuwa na ugonjwa huo sugu. Hai wanapikia kuni kama sisi.

Dawa mbili, kazi mbili

Ndugu msomaji, chanzo kikubwa cha watu kuacha dawa ni kutoelewa kwamba inhela si dawa ya aina moja.

Aina ya kwanza ni ya kufungua. Inayojulikana zaidi ni salbutamoli, ambayo mara nyingi huja katika kifaa cha rangi ya bluu. Hii hulegeza misuli iliyoibana mirija ya hewa, na mgonjwa hupata nafuu ndani ya dakika chache. Lakini nguvu yake huisha baada ya saa chache, na haitibu uvimbe ulio ndani ya mirija.

Aina ya pili ni ya kuzuia. Mfano wake ni beklometasoni, ambayo mara nyingi huwa katika kifaa cha rangi ya kahawia. Hii hutuliza uvimbe polepole. Mgonjwa haoni tofauti siku ile ile, wala kesho yake. Huchukua siku, pengine wiki kadhaa, na ni lazima itumike kila siku, kifua kibane kisibane. Zipo pia inhela zenye dawa mbili kwa pamoja. Rangi hutofautiana kwa watengenezaji, hivyo usitegemee rangi peke yake. Soma jina la dawa, au muulize aliyekupa.

Sasa tazama linalotokea. Mgonjwa anapewa zote mbili. Ya bluu inampa nafuu hapo hapo, akaipenda. Ya kahawia haoni inachofanya, akaiweka kabatini. Kila akibanwa anakimbilia ya bluu, na uvimbe ndani unaendelea kukua kimya kimya. Siku moja anabanwa usiku, anabonyeza ya bluu mara tano, mara kumi, na mirija haifunguki tena. Ndiyo maana mwongozo wa kimataifa wa tiba ya pumu ulibadilishwa mwaka 2019, na tangu hapo haushauri mtu mzima wala kijana mwenye pumu kutibiwa kwa dawa ya kufungua peke yake.

Kwa wale ambao mapafu yao yamechakaa, mpangilio wa dawa huwa tofauti na wa pumu. Kwa hiyo usimpe baba inhela ya mjukuu ukadhani umemsaidia. Kila mmoja atumie aliyoandikiwa yeye.

Maneno yanayowafanya watu waache

Neno la kwanza ni kwamba inhela humzoesha mtu, na ukishaianza huachi mpaka kaburini. Hili si kweli. Dawa hizi hazina ulevi. Mtu anaendelea nazo kwa sababu maradhi yenyewe yanaendelea, kama vile mwenye presha anavyoendelea na vidonge vyake.

Neno la pili ni kwamba inhela ni kali, bora kidonge. Hebu tupige hesabu. Kidonge kimoja cha salbutamoli cha miligramu 4 kina dawa sawa na mipulizo 40 ya inhela yenye mikrogramu 100 kwa kila mpulizo. Ile ya kidonge inapita tumboni, inazunguka mwili mzima, mikono inatetemeka na moyo unaenda mbio. Ile ya mpulizo inakwenda pale pale penye ugonjwa, kwa kiasi kidogo mno. Kwa hiyo iliyo nyepesi kwa mwili ni inhela.

Neno la tatu ni aibu. Wapo wanaodhani mwenye inhela ana ugonjwa wa kuambukiza. Wapo wazazi wanaomwambia binti yao aifiche asije akakosa mchumba. Ndugu zangu, pumu haiambukizi, si kwa pumzi wala kwa kikombe. Binti anayeogopa kutoa inhela mbele ya watu ndiye huyo anayeanguka harusini kwa moshi wa udi. Ni kweli, hata hivyo, kwamba mtu yeyote anayekohoa wiki mbili au zaidi anatakiwa kupimwa kifua kikuu kwanza, na kipimo na dawa zake hapa nchini hutolewa bure.

La nne ni gharama na umbali. Hili si neno la uzushi, ni ukweli. Zahanati ya kijijini inaweza isiwe na inhela, na nauli ya bodaboda kwenda mjini ni mzigo. Lakini mara nyingi tunalipa mara mbili, kwani pesa za gari la usiku, dripu na kulazwa ni nyingi kuliko bei ya dawa ya kuzuia. Ulizeni mapema kama bima mliyo nayo inaigharamia. Asiye na uwezo, hasa mzee, aonane na ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali aulizie msamaha. Na jirani mwenye uwezo akumbuke kuwa sadaka ya inhela moja ni sadaka ya pumzi.

Kuvuta kwenyewe

Wengi wanaosema dawa haiwafai huwa haiwafikii. Inaishia mdomoni na kooni. Fuata hatua hizi.

Simama au kaa wima. Toa kifuniko, tazama kama kuna uchafu, kisha tikisa kifaa. Toa pumzi nje taratibu mpaka iishe. Weka kinywa cha kifaa kati ya meno na uzibe kwa midomo. Anza kuvuta hewa polepole kwa mdomo, na hapo hapo bonyeza mara moja, ukiendelea kuvuta mpaka kifua kijae. Ondoa kifaa, funga mdomo, zuia pumzi ukihesabu mpaka 10, au kadiri unavyoweza. Kama umeandikiwa mipulizo miwili, subiri kama nusu dakika au dakika moja, tikisa, urudie.

Watoto, wazee na aliyebanwa sana hawawezi kulinganisha kuvuta na kubonyeza. Hao wanahitaji chupa ya kuvutia dawa, ambayo hospitalini huitwa spesa. Ikiwa haipatikani, chupa ya plastiki ya maji ya nusu lita inafaa. Madaktari wa hospitali ya watoto ya Cape Town, Afrika Kusini, waliichunguza njia hiyo na kuchapisha matokeo mwaka 1999. Chupa ya nusu lita iliyotobolewa kitakoni na kuzibwa vizuri kwa gundi kuzunguka inhela iliwasaidia watoto wenye pumu sawa na spesa ya dukani. Tundu liwe na umbo la kinywa cha inhela, lisiachie hewa. Chupa ioshwe kwa maji ya sabuni na iachwe ikauke yenyewe bila kufutwa kwa kitambaa, maana kuisugua huifanya plastiki inase dawa. Mgonjwa aweke mdomo penye kinywa cha chupa, bonyeza mpulizo mmoja, naye avute na kutoa pumzi kawaida mara tano au sita. Mwonyeshe tabibu wako chupa hiyo kabla ya kuitegemea.

Mpe dawa rafiki asiyesahau

Dawa ya kuzuia kwa kawaida hutumika asubuhi na jioni. Sisi Waislamu tuna saa isiyohitaji betri, nayo ni adhana. Vuta dawa yako kabla ya udhu wa Alfajiri na kabla ya udhu wa Magharibi. Faida yake ni mbili. Kwanza, nyakati hizo zimeachana takriban saa 12. Pili, dawa hii huacha mabaki mdomoni yanayoweza kuleta utando mweupe na sauti kukauka, hivyo mgonjwa anatakiwa asukutue na kutema. Katika udhu utasukutua tu. Sukutua vizuri, na maji uyateme, usiyameze. Mwanamke aliye katika hedhi asiiache dawa kwa sababu haendi kutawadha. Adhana imkumbushe vile vile.

Inhela nyingi huwa na mipulizo 200. Anayetumia miwili asubuhi na miwili jioni atamaliza baada ya siku 50. Zisizo na kihesabio zinaendelea kutoa mvuke hata dawa ikiisha, na kuielekeza kifaa majini kuona kama kinaelea si kipimo cha kuaminika. Basi siku unapoanza, hesabu siku 50 katika ile kalenda ya nyakati za swala iliyo ukutani na utie alama. Wiki moja kabla, anza kutafuta nyingine. Kifaa kisiwekwe juani wala karibu na jiko.

Msimamizi wa dawa ndani ya nyumba

Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2003 ilieleza kuwa hata katika nchi tajiri, ni takriban nusu tu ya wagonjwa wa maradhi ya muda mrefu wanaofuata dawa zao inavyotakiwa. Kwa hiyo si suala la umaskini wala ujinga peke yake. Mwanadamu akipata nafuu husahau.

Nchi yetu ina somo kubwa katika hili. Mwaka 1977 ilianzishwa Programu ya Taifa ya Kifua Kikuu na Ukoma, na daktari aliyeshirikiana nayo kwa karibu, Karel Styblo, alisisitiza kuwa mgonjwa asiachiwe mzigo wa dawa peke yake, bali awepo mtu wa kumwona akimeza, na kila mgonjwa aandikwe na kufuatiliwa mpaka mwisho. Utaratibu huo uliozoeleka Tanzania ulikuwa miongoni mwa misingi ya mkakati ambao Shirika la Afya Duniani liliueneza ulimwenguni miaka ya 1990. Baadaye, katika miaka ya 2000, mgonjwa akaruhusiwa kuchagua msimamizi wake nyumbani, awe mke, mume, mtoto au jirani.

Ikiwa tumeweza kwa kifua kikuu, ambacho dawa zake zina mwisho, basi mwenye pumu, ambaye dawa zake hazina tarehe ya kumaliza, anamhitaji msimamizi zaidi. Nasihi yangu ni kwamba kila nyumba yenye mgonjwa wa kifua imteue mtu mmoja. Kazi yake si kugombeza. Ni kuuliza asubuhi na jioni, "Umevuta?", kumtazama mara moja kwa wiki anavyovuta, kutia alama kwenye kalenda, na kujua inhela ya kufungua imewekwa wapi hata taa zikizimika. Mtoto wa darasa la tano anaiweza kazi hii. Na mgonjwa anapokwenda kliniki, aende na msimamizi wake na vifaa vyake vyote, ili wote wawili waonyeshwe.

Msimamizi atakuwa wa kwanza kuona dalili ya hatari inayokuja. Ikiwa ya bluu inahitajika zaidi ya mara mbili kwa wiki, au mgonjwa mwenye pumu anaamshwa usiku na kifua, basi ugonjwa haujadhibitiwa, na arudi kwa tabibu asingoje kubanwa.

Mwezi wa Ramadhani

Kila Ramadhani inapofika, swali ni lile lile: je, inhela inabatilisha funga? Wanazuoni wametofautiana. Wapo waliosema haibatilishi, miongoni mwao Sheikh Abdul Aziz bin Baz na Sheikh Muhammad bin Uthaymin wa Saudi Arabia, Allah awarehemu, kwa kuwa si chakula wala kinywaji. Wapo wengine, wakiwemo wanazuoni wengi wa Kishafii wa zama hizi, wanaoona inabatilisha kwa kuwa kuna chembe zinazofika ndani. Mimi ni tabibu, si mufti, hivyo muulize sheikh wako.

Lakini zingatia jambo hili. Pande zote mbili hakuna anayemwambia mgonjwa akae abanwe mpaka azimie. Anayesema haibatilishi anakwambia vuta uendelee na funga. Anayesema inabatilisha anakwambia vuta, na siku hiyo utailipa, kwa ruhusa aliyopewa mgonjwa katika Suratul Baqarah, aya ya 184 na 185. Kwa hiyo mzozo wa wanazuoni usiwe sababu ya mtu kufa na inhela mfukoni. Ama dawa ya kuzuia ya mara mbili kwa siku, haina tatizo kabisa: vuta baada ya daku kabla ya adhana ya Alfajiri, na tena baada ya kufuturu. Anayehitaji dawa mchana mara kwa mara aonane na tabibu kabla ya mwezi kuandama.

Kumpunguzia mzigo

Inhela haiwezi kushindana na moshi usiokoma. Jiko la kuni litoke nje ya chumba cha kulala, kuni ziwe kavu, na mgonjwa asiwe ndiye mpuliza moto. Serikali ilizindua mwaka 2024 mkakati wa miaka kumi wa nishati safi ya kupikia, ukilenga kuwafikia asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034. Nyumba yenye mgonjwa wa kifua iwe ya mwanzo kuiwania gesi. Jiko la mkaa lisilale ndani kamwe, kwani hewa yake huua hata mwenye mapafu mazima. Nyunyiza maji kabla ya kufagia. Wakati wa kupepeta nafaka, mgonjwa akae upande upepo unakotoka. Mvuta sigara avute mbali, na bora aache. Udi na ubani tunaupenda, lakini uchomwe wakati mgonjwa hayupo chumbani, na mazulia ya msikiti yatolewe juani na kukung'utwa.

Akibanwa

Msimlaze. Mkalisheni wima na mfungue nguo zilizobana. Mpeni dawa ya kufungua kwa chupa, mipulizo minne, mmoja mmoja, kila mmoja akivuta pumzi kadhaa. Akiwa hawezi kumaliza sentensi, midomo inageuka rangi, mbavu zinazama akivuta hewa, au anaanza kusinzia, hilo si la kusubiri asubuhi. Tafuteni usafiri hapo hapo, na mkiwa njiani rudieni mipulizo hiyo kila baada ya dakika 20.

Ndugu msomaji, leo ukifunga gazeti hili, muulize mwenye kifua nyumbani kwako akuonyeshe inhela zake zote na namna anavyovuta. Tazama kama ile ya kuzuia ina vumbi la kabatini. Kisha mkubaliane nani atakuwa msimamizi, kuanzia adhana ya Magharibi ya leo.

Allah awaponye wagonjwa wetu na atupe wepesi wa kuwahudumia.

Wabillahi tawfiq.